Barza ya Mama Tania

Hakuna aliyewahi kumwambia Solange kwamba barza yake ni nzuri, na wala hakuhitaji kuambiwa. Aliona mwenyewe. Kila alasiri jua lilipopunguza ukali juu ya ziwa, wanawake wa avenyu ile, mjini Baraka, walikuja mmoja mmoja, huyu na sinia la maharage ya kuchambua, yule na binti wa kusukwa nywele, mwingine mikono mitupu na mdomo umejaa habari. Na walikaa wapi? Kwa Solange, juu ya kibenchi cha sementi kilichozunguka ukumbi wa mbele ya nyumba yake, migongo ukutani, miguu imenyooshwa. Ukuta wenyewe ulikuwa umeng'aa pale migongo ilipozoea kuegemea. Tena wakiagana walisema, “Kesho, kwa mama Tania,” na hilo jina ndilo Solange alilolipenda kuliko la ubatizo wake.

Maana Tania hakutoka tumboni mwake. Alikuwa mtoto wa dada yake aliyefia katika kambi ya wakimbizi, ng'ambo ya ziwa, upande wa Kigoma, huko Solange alikokulia. Watu waliporudi Kongo, Solange alirudi na mume wake Alphonse, fundi wa injini za maboti, na hako katoto mgongoni. Nyumba ilipokwisha, Alphonse akakoroga sementi ya barza mwenyewe, na kusema kweli aliikoroga vibaya. Kabla haijakauka, Tania akatoka ndani peku, akakanyaga sementi mbichi. Alphonse akachukua mwiko asawazishe. Solange akamshika mkono.

“Uache,” alimwambia. “Njo vile atajua kama apa ni kwabo.”

Basi ule mguu ukabaki, mdogo, na vidole vyote vitano, karibu na mlango. Maji ya mvua yalituama humo, kuku wakayanywa. Miaka ikapita, Tania akasoma akamaliza, akapata kazi ya kufundisha watoto wadogo, akapata na mchumba, Lionel, kijana wa Kazimia ambaye nyumbani kwao wanauza samaki. Barza ikamomonyoka kingo, lakini ilikuwa bado barza, na Solange alikuwa bado katikati yake.

Halafu akaja Clarisse.

Clarisse alitoka Uvira, akanunua kiwanja upande wa pili wa barabara, mkabala kabisa na mlango wa Solange. Mume wake alikuwa mtu wa safari za ziwani, leo yuko, wiki nzima hayuko. Watu wote huanza kwa kujenga nyumba, na nje wanaachia kuku. Huyu alijenga vyumba viwili vya haraka, akavipiga chokaa, kisha nguvu zake zote akazimwaga uani. Majirani walicheka. Solange ndiye aliyecheka kwa sauti kubwa zaidi, na nisimsingizie, alikuwa na haki ya kucheka, kwani nani aliwahi kuona mtu anapamba uwanja kabla ya kununua kabati?

Kicheko kilimkatika siku alipogundua ni nani aliyekuwa akichora ule uwanja.

Alikuwa Tania. Mikono yake ilipenda penseli tangu utoto, na simu yake ilijaa picha za nyua za watu wa mbali, zenye sakafu za mbao, viti vya kuning'inia na maua yanayopanda ukutani. Solange alikuwa ameonyeshwa zile picha. Alizitazama kidogo, akasema, “Ni mizuri,” akarudi kwenye sufuria. Clarisse hakurudi kwenye sufuria. Alivuta kigoda, akauliza hii inafanywaje, na hii je, hapa kwetu tungetumia nini? Tangu hapo Tania akitoka shuleni alipitia upande wa pili kwanza. Kutoka barzani Solange aliviona vichwa viwili vimegusana juu ya simu moja, akasikia kicheko cha Tania, kile cha puani ambacho yeye alidhani kinatoka nyumbani kwake tu. Maharage aliyokuwa akichambua aliyatupa mazuri pamoja na mabovu.

Uwanja ukainuka. Kwanza walitandika mawe bapa ya ziwani kutoka kwenye geti hadi ndani, yamepinda kidogo ili mgeni asiingie mbiombio. Kisha Clarisse akanunua boti bovu pwani, akalipasua, na mbao zake akazigonga kuwa sakafu iliyoinuliwa kiasi, rangi za zamani zikiwa bado juu yake, bluu hapa, nyekundu pale, na nusu ya jina la boti ambalo hakuna aliyejua lilikuwa linaishiaje. Juu ya sakafu ile wakasimamisha payoti, kibanda cha nyasi kisicho na kuta. Upande wa jua wakapandisha marakuja, ndiyo pasheni, kwenye fito, ili kivuli kiwe kinazaa. Pembeni, pipa lililokatwa katikati kwa kuchomea samaki. Ukutani, bugenvilia. Na taa ndogo za jua, zile za kuchomeka ardhini, ambazo Solange alisema zinafaa makaburini.

Aline ndiye aliyevuka wa kwanza. Aline, rafiki yake wa tangu kambini, aliyekula naye sahani moja. Alisema anapita tu kusalimia. Alipita tu kesho yake pia. Kisha wakapita tu wengine, na masinia yao, na mabinti wao wenye nywele nusu, mpaka alasiri moja Solange akajikuta anakaa barzani peke yake na ukuta wake unaong'aa. Alphonse alimuuliza mbona leo kimya. Alimjibu kwamba amechoka na makelele ya watu, kwamba kichwa kilikuwa kinamuuma siku nyingi. Alikuwa ana wivu. Ulikuwa umemkaa kifuani toka asubuhi hadi anapolala, na haukuwa wa nyasi wala mbao. Clarisse angejenga ghorofa, sawa. Lakini Tania?

Clarisse mwenyewe alivuka barabara zaidi ya mara moja kumkaribisha. Alibeba marakuja ya kwanza kwenye kisahani. Solange aliyapokea kwa heshima zote, akashukuru, akasema atakuja, akawapa mbuzi wa jirani wayale.

Ikafika habari kwamba wazee wa Lionel watakuja na boti kutoka Kazimia kuleta posa. Solange alichangamka akawa mtu mwingine. Alikwishapanga moyoni nani atakaa wapi barzani, kitambaa gani kitafunika kibenchi, upande upi utapakwa rangi upya. Alikuwa amelea, na sasa watu watakuja mlangoni kwake waseme mbele ya wote kwamba amelea vizuri. Hicho ndicho alichokuwa akikingoja. Jioni ile Tania akakaa karibu naye, akakwaruzakwaruza sementi iliyomomonyoka kwa ukucha.

“Mama,” alisema, “tusibapokelee bageni kwa mama Clarisse? Apa ni kadogo. Na bazee ba Kazimia bako bengi. Kule ni pazuri, na mi njo nilipachora.”

Aliyasema kwa upole kabisa, hakuwa na ubaya wowote. Lakini Solange alisikia neno moja tu, kule. Akanyanyuka, akasema atafikiri, akaingia ndani akasimama nyuma ya mlango bila kufanya chochote.

Kesho yake akampigia simu baba mdogo wa Alphonse, mzee Déogratias, aliyekuwa akiishi milimani, Fizi-Centre. Mzee Déo alikuwa na sifa moja ambayo hata maadui zake walimpa, kwamba nyasi akizifunga hazivuji. Mtandao ulikuwa unakatikakatika. Solange alipiga kelele kwamba anataka ajengewe mahali pa watu kukaa nje, pa mviringo, pa nyasi, pakubwa, moto uwe katikati, pazuri kushinda pote pa avenyu, tena haraka, kwa sababu wageni wa Tania wanakuja.

“Ni ya lubunga?” mzee aliuliza.

“Ndiyo, baba mudogo. Ya lubunga.”

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na msomaji asimlaumu sana. Kule kambini Solange alikokulia, lubunga lilikuwa ni kikao. Wazee wa ukoo wakisema leo kuna lubunga, walikuwa na maana kwamba watakusanyika chini ya turubai lolote lililopo na kusemezana juu ya ndoa au ugomvi. Turubai likikunjwa, lubunga limekwisha. Kwa hiyo aliposikia swali alielewa anaulizwa kama ni kwa ajili ya kikao cha posa. Lakini mzee Déo hakuwahi kukimbia mbali kuliko msitu wa nyuma ya shamba lake. Kwake yeye lubunga haikuwa kikao. Ilikuwa nyumba. Na alifurahi mno, maana tangu vita hakuna aliyemwomba kuijenga.

Uwanja wa Solange ulikuwa mwembamba. Kwa upana aliotaka yeye, barza ilikuwa njiani. Alphonse alisema basi wajenge ndogo. Solange akasema ivunjwe. Wakaletwa vijana na nyundo. Alphonse alizunguka zunguka, akachuchumaa karibu na mlango, akauliza kwa sauti ya chini, “Na huu mguu?”

“Mwenyewe anaona haya na apa,” Solange alisema. “Mguu yake inabaki kufanya nini?”

Alijua anachosema. Alikisema kwa sababu alijua. Alitaka kitu kimuume Tania kama yeye alivyoumwa, na hakuona kingine karibu. Vijana wakaipiga barza mpaka ikawa vipande, wakavisomba na toroli na kuvirundika kando ya barabara.

Tania aliporudi kazini alisimama pale palipokuwa na kibenchi. Alitazama chini kwa muda. Alivua viatu, akavuka vumbi, akaingia ndani, na jioni hakula. Kesho yake asubuhi ndipo Solange alipokwenda kwenye kifusi, kanga imefungwa kichwani, akajifanya anatafuta misumari. Alivigeuza vipande kimoja kimoja. Mguu haukuwepo. Mwenye duka la jirani akamwambia watu wa pikipiki walichukua vipande vikubwa kuzibia shimo la barabarani. Solange alisema haidhuru, ni misumari tu. Akarudi nyumbani na mikono iliyojaa vumbi, na kwa mara ya kwanza wivu wake ulikuwa na majuto ndani yake, na hakuna aliyemwambia.

Mzee Déo aliteremka kutoka milimani na fuso la nyasi, miti, na mawe matatu meusi aliyokuja nayo mapajani, hakukubali yapakiwe. Alifanya kazi akiimba. Paa likapanda juu, la mviringo, limechongoka, nyasi zimekatwa ukingoni sawasawa mpaka watu wa sokoni wakasimama kutazama. Katikati akaweka yale mawe, akawasha moto mwenyewe, akasema maneno machache ya Kibembe ambayo Solange hakuyafuatilia kwa sababu alikuwa anaangalia ng'ambo ya barabara.

Clarisse alikuwa amesimama kwenye geti lake. Alitazama lile paa muda mrefu, mikono kiunoni. Kisha akaingia ndani taratibu. Loo, siku ile Solange alipika kuku! Aline akaja kuona, akaja na wengine, wakasifu, wakarudisha vichwa nyuma kuangalia kilele, na Solange akawaambia kesho alasiri waje na masinia yao kama zamani. Alitandika mikeka mipya. Alileta na viti viwili vya plastiki kwa wenye magoti mabaya.

Kesho yake wakaja. Ndani walimkuta mzee Déo, Alphonse, mwenye duka, mwalimu mstaafu na wanaume wengine wa avenyu, wamezunguka moto kana kwamba walizaliwa pale. Mikeka ilikuwa imekunjwa vizuri na kuegemezwa nje. Aline aliinua mguu avuke kizingiti, na mzee Déo akanyoosha mkono, kwa adabu kubwa.

“Hapana, mama. Bamama habaingiake mu lubunga.”

Solange akasogea mbele. Alisema baba mdogo, hii ni yangu, mimi ndiye niliyeiagiza. Mzee alimtazama kwa mshangao wa kweli.

“Mutoto yangu, nilikuuliza. Ukaniambia ni ya lubunga. Moto inakwisha kuwakishwa. Chakula mutaletaka, mutafika apa ku mulango, tutapokea.”

Halafu mmoja wa wanawake akakohoa kile kikohozi cha kuficha kicheko, na Aline, ambaye hakuwa mtu mbaya, alisema basi tusiwasumbue wazee. Wakavuka barabara na masinia yao. Solange akabaki na mikeka.

Wala kwa Alphonse hakupata huruma, maana Alphonse alikuwa ameokota dunia. Mtu ambaye maisha yake yote alikaa pembeni ya barza ya mke wake, akisubiri wanawake waondoke ili apate pa kuweka kiti, sasa alikuwa mwenye lubunga. Wanaume walimwita kwa jina la baba yake. Mashauri yaliletwa, ya mbuzi aliyekula muhogo, ya mwanamume aliyemfukuza shemeji. Moto uliwaka kutwa. Solange alipomwambia wabomoe, alimtazama kama aliyesikia tusi, akasema lubunga haibomolewi hivihivi, na hapo hapo akaitwa nje.

Siku ya posa ikafika ndani ya hali hiyo. Wazee wa Kazimia waliteremka bandarini na kofia zao, wakaletwa mpaka uwanjani, na walipoona lile paa wakasimama. Mkubwa wao alivua kofia. Alisema kwamba amekwenda posa nyingi, amepokelewa chini ya maturubai na ndani ya sebule, lakini hajapokelewa katika lubunga tangu alipokuwa kijana wa kubeba kuni. Wakaingia wakiwa wamelainika tayari. Solange alisikia kila neno, kutoka nje. Alikuwa amevaa kitenge kipya, kitambaa cha kichwa kimefungwa kwa majigambo yote anayoyajua. Alileta beseni la maji ya kunawa. Mkono wa mzee Déo ulitoka, ukapokea beseni, ukarudi ndani. Basi. Sherehe yake yote ilikuwa hiyo, mkono mmoja.

Akatafuta pa kukaa. Ndani ya nyumba palikuwa na joto na masufuria. Mbele ya mlango palikuwa na udongo mtupu, barza ilipokuwa. Kelele za wanawake zilitoka upande wa pili, ndiko walikokuwa wanakaanga samaki na kumvalisha Tania, kwa sababu mahali pengine pa kufanyia hayo hapakuwepo tena. Yeye mwenyewe ndiye aliyehakikisha hapakuwepo. Alisimama katikati ya uwanja wake mwenyewe kama mgeni aliyekosea nyumba. Kisha akafunga kanga vizuri, akavuka barabara.

Mawe bapa yalimpunguza mwendo, kama yalivyokusudiwa. Alichukia kwamba yalikuwa baridi na mazuri miguuni. Alichukia harufu ya marakuja. Wanawake walikuwa nyuma, kwenye moto, hakuna aliyemwona. Akapanda kwenye sakafu ya mbao, mkono ukipapasa rangi ya bluu, akijisemea kwamba mbao hizi zitaoza mvua ijayo, akageuka kutafuta kosa lingine, na ndipo alipouona.

Ulikuwa ukutani chini ya bugenvilia, kipande cha sementi chenye kingo zilizovunjika, kimesimamishwa juu ya tofali ili maji yasikifikie. Kimefutwa vumbi. Vidole vyote vitano.

“Karibu, mama Tania.”

Clarisse alikuwa nyuma yake, na kijiko cha mafuta mkononi. Solange hakuitikia salamu. Aliuliza, kwa sauti ambayo mwenyewe hakuitambua, kama Clarisse ndiye aliyekiiba kile kitu.

Clarisse akaweka kijiko chini.

“Siye mimi. Ni yeye mwenyewe alileta, siku ile mulivunja. Alikibeba pekee yake, analia. Akaniambia, mama Clarisse, unichungie. Siku mama atauliza, umurudishie.”

“Na juu ya nini haukuniambia?”

Clarisse alitazama mikono yake. Alikuwa na mafuta vidoleni na hakujua ayafutie wapi.

“Haukuuliza,” alisema. “Na mi nilikuwa naomba usiulizake.”

Hapo Solange alimwangalia. Sijui kama alikuwa amewahi kumwangalia kabla ya siku ile, maana mtu mwenye wivu huangalia vitu vya mwenzake, mwenye vitu hamwoni. Alimwona sasa. Mwanamke ambaye mume wake hayupo, ambaye vyumba vyake viwili vilikuwa bado havina kabati, aliyehama mji hana dada wala shoga, akakuta mkabala na mlango wake barza imejaa watu wanaocheka, na katika miezi yote ile ya mwanzo hakuna hata mmoja aliyemwambia njoo ukae. Solange alikumbuka. Alimwona akipita na ndoo. Alimsalimia. Hakusogea kwenye kibenchi.

Hakumwomba msamaha. Watu wa namna ya Solange hawaombi hivyo, hasa wakiwa wamevaa vizuri. Alisema tu, “Sasa nauliza.”

Kilikuwa kizito, mtu mmoja asingekiweza bila kulia kama Tania alivyolia. Clarisse akashika upande wa kisigino, Solange akashika upande wa vidole. Wakateremka sakafu ya mbao, wakafuata mawe yaliyopinda, wakatoka getini na vitenge vyao vya sherehe vikipakwa vumbi la sementi. Pikipiki zikasimama pande zote mbili za barabara, dereva mmoja akapiga honi, akaona nyuso zao, akaacha. Aline alitoka na samaki kwenye uma, akabaki ameduwaa. Wakakiweka chini, mbele ya mlango, palepale kilipokuwa tangu mwanzo, juu ya udongo mtupu.

Wakati huo mzee Déo alijitokeza kwenye lubunga, akaita binti aletwe aulizwe kama anawajua wageni hawa. Tania akavuka barabara amepambwa, wanawake nyuma yake. Alipofika karibu na mlango aliona. Akasimama, wazee wa Kazimia wakingoja, akamtazama Solange.

“Uliuliza?” alisema.

“Niliuliza.”

Tania akavua kiatu kimoja. Akaweka mguu wake juu ya ule mdogo, ukaufunika wote, ukapita kando. Kisha akavaa kiatu, akajifuta macho kwa mgongo wa mkono ili asiharibu wanja, akaenda kwenye mlango wa lubunga akajibu kwa sauti iliyosikika hadi barabarani kwamba anawajua, na wapokelewe. Vigelegele vikapasuka.

Solange hakupiga kigelegele mara moja. Alikuwa bado amechuchumaa, mkono kwenye sementi, na alikuwa ameona mkono mwingine, wenye mafuta, bado umeshika upande wa kisigino. Wivu ukamrudia mara ile ile, mzima, haujapungua hata kidogo.

“Wachilia sasa, mama Clarisse,” alisema.

Clarisse akaachia, kidole kimoja kimoja. Na kwa kuwa upande ule hapakuwa na kiti, wala kibenchi, wala ukuta wa kuegemea wenye kivuli, wote wawili wakakaa chini kwenye udongo na vitenge vyao vipya, kila mmoja upande wake wa ule mguu, wakangoja wanaume wamalize.